Nyumba Si Mfuko Mmoja: Somo la Ustawi wa Familia



Sisi wa Kidato cha Nne huulizwa mara kwa mara tutapenda kufanya kazi gani baada ya masomo. Wengi hujibu udaktari, uhandisi, uanasheria au urubani. Mimi hujibu kwamba napenda kuwa mtaalamu wa ustawi wa familia, na aghalabu nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani kuwa hiyo ni kazi ya kugawa mablanketi wakati wa mafuriko. Basi nimeonelea niandike somo hili kwa ufupi, nieleze kazi hiyo ni nini, mtu huifanyaje, na jinsi nyumba za wakulima wa Bukoba na Muleba zilivyofundisha wataalamu mambo ambayo hayakuwa wazi kwao hapo kwanza.

MAANA YA USTAWI

Neno ustawi latokana na kustawi. Mgomba hustawi ukiwa na samadi, nyasi za kufunika shina, na mkono wa kuupalilia. Mgeni apitaye njiani huona mkungu tu, akasema, "Kibanja hiki ni kizuri." Lakini mwenye kibanja huinama akatazama shina, akahesabu machipukizi, akajua ni yapi ya kuacha na yapi ya kung'oa. Vivyo hivyo familia yaweza kuonekana njema kwa nje, ina nyumba ya bati na kahawa ya kutosha, lakini ndani yake yumo mtoto asiyekwenda shule au mzee asiye na chumvi.

Sera ya ustawi ni mpango wa serikali usemao nani atasaidiwa, kwa njia gani, na kwa fedha ya nani. Mtaalamu wa sera hiyo ana kazi tatu. Kwanza huuliza: huingia katika nyumba za watu kwa adabu, akajua wanavyoishi. Pili hupima: huandika saa, kilo, shilingi na miaka, asitegemee uvumi. Tatu hushauri: huwaambia watunga sheria jambo gani litafaa na gharama yake ni nini. Mwenye kushauri bila kuuliza na kupima ni kama mganga atoaye dawa kabla hajamwona mgonjwa.

MZALIWA WA KAGABIRO

Mfano nitakaoutumia ni wa mtu aliyezaliwa karibu nasi. Profesa Anna Kajumulo Tibaijuka alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1950 huko Kagabiro, Muleba, na wazazi wake walikuwa wakulima wadogo wa Kihaya. Alisoma uchumi wa kilimo, akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden, katika mji wa Uppsala. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1993 hata 1998.

Jambo la kuangalia ni hili: alipokwisha kupata elimu ya mbali, alirudi kuchunguza mashamba ya migomba na kahawa ya mkoa wa Kagera, ambayo wengi wetu huyaona kila siku tusiyatie maanani. Katika makala aliyoitoa mwaka 1994 alitaka kujua desturi ya kugawa kazi baina ya wanaume na wanawake inaigharimu familia kiasi gani. Kwetu twajua vema mgawanyo huo. Kibanja hurithiwa na wanaume; kahawa ni zao la mwanamume, na fedha yake huingia mkononi mwake. Mwanamke hupanda maharage katikati ya migomba, hulima njugumawe na viazi kule rweya, hupika, huteka maji, hukata kuni na kulea.

Zamani wachumi wengi waliihesabu nyumba kama kwamba ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja: kitu kikiingia, wote wamepata. Profesa Tibaijuka alifungua mfuko huo akaona kuwa ndani yake mna mifuko miwili au mitatu, na kila mmoja una mwenyewe.

HESABU YA KAHAWA NA MAHARAGE

Alitumia hesabu za namna ile tunazozifanya katika Kidato cha Nne, za kutafuta faida iliyo kubwa kabisa hali ardhi, nguvu na fedha zina mipaka. (Wenzangu wanaouliza kila siku, "Hesabu hizi zitanisaidia nini?", jibu ndilo hili.) Aliona kwamba kama mgawanyo wa kazi ungelegezwa, watu wakafanya kazi kwa kadiri ya haja na si kwa kadiri ya uanaume na uanamke, mapato ya fedha yangeweza kuongezeka hata kufikia asilimia 10. Tija ya nguvu ya watu ingepanda kwa asilimia 15, na tija ya mtaji kwa asilimia 44. Ardhi ni ile ile, na watu ni wale wale.

Ili jambo hili lieleweke, nimetunga mfano mdogo. Tuseme mume ana saa 30 za kazi ya shamba kwa juma, na mke ana saa 30. Saa moja ya kuchuma kahawa yaleta shilingi 1,500. Saa moja ya maharage yaleta shilingi 1,000. Kahawa iliyoiva yahitaji saa 40, lakini desturi ya nyumba hiyo yasema kahawa ishikwe na mume tu.

Kwa desturi hiyo, mume atapata 30 mara 1,500, yaani shilingi 45,000, na kahawa ya saa 10 itaanguka chini. Mke atapata 30 mara 1,000, yaani shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 75,000. Sasa mke akimsaidia mumewe kwa saa 10, kahawa italeta 40 mara 1,500, yaani shilingi 60,000, na maharage yataleta shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 80,000. Nyumba imepata faida ya shilingi 5,000.

Je, mke ataona faida hiyo? Tazameni tena. Ikiwa fedha yote ya kahawa yaingia katika mfuko wa mume, basi mume amepanda toka 45,000 hata 60,000, na mke ameshuka toka 30,000 hata 20,000. Nyumba imetajirika, na mke amekuwa maskini zaidi. Akikataa kwenda kuchuma kahawa, watu watamwita mvivu, kumbe anajua hesabu! Atokapo mgeni akaleta mradi wa kuongeza kahawa, asiulize fedha itaingia mfuko upi, mradi wake waweza kumwondolea mtoto sabuni na daftari. Kwa hiyo nimekiita kichwa cha somo hili "Nyumba si mfuko mmoja", na mambo mengine yote nitakayoeleza yanafuata hapo.

DAFTARI LA JUMA MOJA

Katika likizo ya Juni nilijaribu kazi ya kuuliza na kupima nyumbani kwetu, wilaya ya Muleba. Tu watatu: bibi yangu mzaa baba, mwenye umri zaidi ya miaka 70, dada yangu wa Kidato cha Pili, na mimi. Kwa juma moja, toka Jumatatu hata Jumapili, niliandika kila kazi na saa zake. Dada alifanya kazi saa 45, bibi saa 38, na mimi saa 23. Saa nyingi za dada zilikuwa za maji, kuni, kumenya ndizi na kupika. Saa zangu zilikuwa za kahawa na kukata majani ya migomba yaliyokauka.

Kisha niliandika fedha. Bibi aliuza maharage na njugumawe gulioni, akapata shilingi 14,000. Zote zilikwisha kwa chumvi, sabuni, mafuta ya kula, dagaa, na madaftari mawili ya dada. Kahawa yetu huuzwa na baba mdogo, ambaye jina lake ndilo liko katika kitabu cha chama cha ushirika. Fedha yake hukaa kwake, na hutolewa kwa mambo makubwa, kama bati au matibabu. Baba mdogo ni mtu mwema, na bati alilonunua ndilo linalotukinga mvua. Lakini daftari lilionyesha wazi kwamba chakula cha kila siku na mambo ya shule ya dada hutegemea mfuko ulio mdogo kuliko yote, wa mtu aliye mzee kuliko wote.

Nilipomsomea bibi hesabu hiyo alicheka sana, akasema, "Mjukuu wangu, umekwenda bweni miaka minne ili uje unieleze ninayoyajua?" Nikamjibu, "Bibi, wewe wayajua, lakini serikali haiyajui mpaka yaandikwe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi andika na hili, kwamba goti la kushoto laniuma nikiwa rweya." Nimeliandika.

ARDHI YA UKOO

Mfuko mkubwa kuliko yote ni ardhi. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema kuwa mwanamke aweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo aweza kuitumia maisha yake, lakini hana ruhusa ya kuiuza.

Jambo hili lilifika mahakamani kutoka wilaya yetu wenyewe. Mwanamke mmoja, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomfikia akakosa mtu wa kumtunza, akaiuza mwezi wa Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, akidai kuwa mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, lakini Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilikataa. Shauri likapanda hata Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akahukumu kwamba kanuni hiyo yapingana na Katiba, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 1984 ina sura ya haki za binadamu na yakataza ubaguzi. Mauzo yalikuwa halali. Hata hivyo hakuondoa haki ya ukoo ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei, kama ambavyo ingekuwa mwuzaji angekuwa mwanamume. Kesi hii husomwa na wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema kuwa mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Wazee wetu wanayo hoja, nayo yapasa isikilizwe. Husema kwamba ardhi ya ukoo ni ngao: ina makaburi ya wazazi, na ikiuzwa kwa mgeni leo, wajukuu watakosa pa kurudi kesho. Ni kweli. Lakini kesi ya Muhutwe yaonyesha upande wa pili. Huyo mama aliuza kwa sababu hakuwa na mtu wa kumlisha. Ukoo uliokumbuka ardhi ungalimkumbuka na mwenye ardhi.

Mimi ni mtoto wa kiume. Kwa desturi, kibanja cha marehemu baba yetu kitakuwa changu, na dada yangu, mwenye saa 45, hatakuwa na kitu ila kule atakakoolewa. Nimemwomba bibi jambo hili lizungumzwe mbele ya baba mdogo na wazee wa ukoo katika likizo ya Desemba, ili sehemu ya dada iandikwe. Bibi amenijibu kwamba maneno ya ardhi hayasemwi jikoni, nitasubiri barazani.

Profesa Tibaijuka naye hakuyaacha mambo haya katika vitabu. Alikuwa mwenyekiti mwanzilishi wa Baraza la Wanawake Tanzania, yaani BAWATA, lililoandikishwa mwaka 1995. Mwaka 1997 serikali ililifutia usajili, ikidai kuwa linafanya siasa. Viongozi wake wakaenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kufutwa huko kulikuwa kinyume cha Katiba. Miaka 12 ilikuwa imepita. Anayechagua kazi hii na ajue kuwa kupima saa za kazi hakumuudhi mtu, lakini kusema saa hizo zabadilishwe huudhi wengi.

MAMA AKIFA

Sasa nakuja kwenye jambo zito kwa mkoa wetu. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa Kagera. Miaka iliyofuata vijiji vingi vilizika vijana wake, wakabaki wazee na watoto. Mwaka 1997 Profesa Tibaijuka alitoa makala juu ya kijiji chake cha Kagabiro. Alieleza, nyumba kwa nyumba, jinsi ugonjwa huo unavyokula uchumi wa mkulima: nguvu za mgonjwa hupotea, nguvu za anayemuuguza hupotea pia, na fedha huenda katika matibabu na mazishi, hali kibanja chabaki bila mpaliliaji.

Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanywa hapa kati ya mwaka 1991 na 1994 na Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumba zaidi ya 900 za Kagera ziliulizwa juu ya chakula, afya, shule na mali. Mwaka 2004 watafiti waliwatafuta tena watu wale wale. Wengine walikuwa wameoa na kuolewa, wengine wamehamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Nyumba zile 900 na zaidi zilikuwa zimezaa nyumba zaidi ya 2,700. Waliwafuata huko huko. Fikirini kazi ya kumtafuta mtu baada ya miaka 10, kwa kuuliza jirani na jirani!

Wachumi watatu, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliwachagua kutoka humo watoto 718 ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili. Kufikia mwaka 2004 watoto hao walikuwa watu wazima, na 19 katika kila 100 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kutimiza miaka 15. Walipimwa urefu na kuulizwa masomo. Ikaonekana kwamba mtoto aliyefiwa na mama alikuwa, kwa wastani, mfupi kwa sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na alikosa mwaka mmoja wa shule. Hasara hiyo haikufidiwa baadaye. Aliichukua katika mwili wake hata utu uzima.

Namba hizi ni baridi, lakini tuzitafakari. Kwa nini mama? Hapo yatupasa kukumbuka mifuko ya nyumba. Mimi nadhani ni kwa sababu mfuko ulionunua chumvi, sabuni na daftari ulikuwa wa mama, na mikono iliyopika ilikuwa yake. Akifa, fedha ya kahawa yaweza kubaki vile vile, na mtoto akakonda hali kahawa ipo. Nawaomba walimu na wenzangu mlipime wazo hilo.

CHUMVI, SABUNI NA VIATU

Watoto wengi waliofiwa walipokelewa na bibi zao. Mwaka 2003 ulianzishwa huko Nshamba, wilaya ya Muleba, mradi uitwao Kwa Wazee. Mradi huo ulifanya jambo jepesi: uliwapa wazee maskini, wengi wao akina bibi wenye kulea wajukuu, fedha kidogo kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto. Haukuwapa mahindi wala nguo zilizochaguliwa na mtu mwingine. Uliwapa fedha, wakaachiwa waamue wenyewe.

Wapo walioogopa. Watu husema kwamba maskini akipewa fedha ataimaliza kwenye rubisi, au atakuwa mvivu. Mwaka 2008 ilitolewa tathmini ya mradi huo, na jina la taarifa yake kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Chumvi, sabuni na viatu vya shule". Jina hilo latosha kuwa jibu. Fedha ilikwenda katika vitu vile vile ambavyo bibi yangu hununua gulioni, na kwa kuwa ilikuja kila mwezi, wazee waliweza kupanga na hata kukopeshwa dukani, maana mwenye duka alijua kuwa watalipa.

Mambo ya namna hii hayakubaki Nshamba. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Tanzania Bara ilikuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na kwa njia ya TASAF serikali imekuwa ikizipa kaya maskini ruzuku, nyingine zikiwa na sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Hapa mtaalamu ana swali gumu. Ukimpa kila mzee, fedha nyingi yatakiwa, na hata tajiri atapata. Ukichagua maskini tu, fedha yatosha zaidi, lakini lazima uwe na wachaguaji, na mchaguaji aweza kumsahau bibi asiye na mtu wa kumsemea. Nchi hupima mizani hiyo kila mwaka katika bajeti. Haina jibu la bure.

KUTOKA KAGABIRO HATA ULIMWENGUNI

Turudi kwa Profesa Tibaijuka tumalize habari ya kazi yake. Mwaka 1998 aliingia Umoja wa Mataifa, akashughulikia nchi zilizo nyuma kabisa kiuchumi. Mwaka 2000 aliwekwa kuwa mkuu wa shirika la makazi lenye makao yake Nairobi, liitwalo UN-Habitat, akaliongoza hata 2010. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuongoza programu ya Umoja huo.

Mwaka 2005 alitumwa Zimbabwe, ambako serikali ilikuwa imebomoa vibanda na nyumba za watu maskini mijini. Taarifa yake ilisema kwamba watu kama 700,000 walipoteza makao, au riziki, au vyote viwili. Ndiyo kazi ile ile ya kuuliza, kupima na kushauri, lakini mara hii mbele ya serikali ambayo haikutaka kupimwa.

Baadaye alirudi nyumbani, akawa Mbunge wa Muleba Kusini tangu 2010 hata 2020, na Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi tangu 2010. Mwezi wa Desemba 2014 Rais alimwondoa katika uwaziri kufuatia mjadala wa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Yeye alieleza kuwa fedha aliyopokea ilikuwa mchango kwa shule ya wasichana aliyoisimamia. Naandika haya kwa sababu habari ya maisha ya mtu si sifa tupu. Wasomaji wana haki ya kuyajua yote mawili, na hesabu alizozifanya katika vibanja vyetu zabaki mahali pake.

NJIA YA KUIFIKIA KAZI HII

Mwenye kuipenda kazi hii na asome kwa bidii Hisabati, Jiografia, Uraia na lugha. Katika Kidato cha Tano michepuo ya Uchumi, Jiografia na Hisabati, au ya Historia, Jiografia na Uchumi, humfaa. Wapo wanaokwenda vyuo vikuu kusoma uchumi, sheria au sosholojia. Wapo wanaokwenda Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam. Katika halmashauri zetu wapo maafisa ustawi wa jamii, wenye kazi chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto wanaoteswa, kupatanisha wazazi, na kutafutia yatima malezi.

Lakini kabla ya vyuo, vifaa vya kwanza ni daftari, saa na adabu. Ukiingia nyumba ya mtu kumwuliza habari zake, bisha hodi, kaa unapoonyeshwa, usicheke chakula, wala usitoe siri uliyoambiwa. Mwanamke aulizwe mahali anapoweza kujibu mwenyewe, maana mara nyingi ukiuliza, "Nyumba hii yapata kiasi gani?", atajibu mwanamume peke yake, nawe utaandika mfuko mmoja tu.

Wazazi wetu, nawaomba msiione kazi hii kuwa duni. Daktari humponya mtoto aliye mbele yake. Mtaalamu wa ustawi akifanya kazi yake vema, mtoto wa kijiji asichokijua huenda shule akiwa amevaa viatu, wala hatajua nani wa kumshukuru.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Katika mfano wa kahawa na maharage, mume na mke wagawane vipi shilingi 80,000 ili kila mmoja apate zaidi ya alichopata kwanza? Toa majibu mawili yaliyo tofauti.

2. Kwa juma moja la likizo, andika saa za kazi za kila mtu nyumbani kwenu, na vitu vilivyonunuliwa kwa fedha ya kila mmoja. Ni mfuko upi unaonunua madaftari?

3. Je, pensheni ipewe wazee wote au wazee maskini tu? Toa hoja mbili za kila upande kabla ya kusema maoni yako.

4. Waulize wazee wa ukoo wenu sababu ya desturi ya ardhi ya ukoo. Andika maneno yao kama walivyoyasema, kisha yalinganishe na hukumu ya mwaka 1990.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne